Mwajiri kama Mdhamini: Historia ya Mfanyakazi Mgeni katika Migodi ya Katanga

1. Utangulizi

Tenke ni mji mdogo katika mkoa wa Lualaba, lakini ni njiapanda kubwa ya reli. Hapo hukutana njia tatu: ya kwanza yatoka Lubumbashi na Likasi, ya pili yaelekea kaskazini, Bukama na Kamina, kisha Kasai hadi Ilebo, ya tatu yaelekea magharibi, Kolwezi na Dilolo, na kuingia Angola hadi bandari ya Lobito. Kwa njia hizo shaba imetoka Katanga kwa muda wa karne nzima. Kwa njia hizo hizo wameingia watu walioichimba, walioiyeyusha na walioiandika katika madaftari ya hesabu.

Wengi wa watu hao hawakuja kwa hiari yao peke yake. Waliitwa. Aliyewaita alilipia safari yao, aliwajibika kwa serikali juu ya kukaa kwao, na aliahidi kuwarudisha makwao. Katika lugha ya sheria mtu wa namna hiyo huitwa mdhamini, neno lililotokana na dhamana, yaani kubeba mzigo wa mwingine. Makala haya yana lengo la kueleza jinsi mwajiri alivyopata kuwa mdhamini wa mgeni katika migodi ya Katanga, jinsi utaratibu huo ulivyobadilika tangu mwaka 1906 hadi leo, na athari zake kwa mfanyakazi mwenyewe. Hoja kuu ni kwamba katika nchi hii mgeni hakupokewa kwa jina lake, bali kwa jina la aliyemwita. Hivyo basi, dhamana ilipokwisha, mara nyingi na ukarimu ulikwisha.

2. Mafundi kutoka Kusini, 1906–1920

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Tatizo lake la kwanza halikuwa madini, kwani madini yalijulikana na wenyeji waliyachimba tangu zamani. Tatizo lilikuwa watu. Katanga ya kusini ilikuwa na wakazi wachache, na Ubelgiji ilikuwa mbali. Reli ilipofika Elisabethville mwaka 1910 ilitokea kusini, kupitia Rhodesia ya Kaskazini. Shaba ya kwanza ilipoyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, makaa, mashine na mafundi vilifika kwa njia hiyo ya kusini.

Mafundi Wazungu wa siku hizo walikuwa wengi wao watu wa Afrika ya Kusini na Uingereza waliozoea migodi ya Rand na Rhodesia. Walizungumza Kiingereza na walitaka kulipwa kwa pauni. Pamoja nao walikuja wafanyakazi Waafrika kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Kazi ya kuwaandikisha ilishikwa na kampuni ya Robert Williams, Mskoti ambaye pia alikuwa mwanzilishi wa reli ya Benguela. Miongoni mwao hawakuwamo wachimbaji peke yao. Walikuwamo pia makarani na mafundi waliosoma katika shule za misheni za Nyasaland, watu waliojua kusoma, kuandika na kupiga hesabu wakati ambapo Katanga haikuwa bado na shule za kuwatoa watu kama hao.

Mikataba yao ilikuwa mifupi, mara nyingi ya miezi sita. Serikali ya Kiingereza ilikubali watu wake wavuke mpaka kwa masharti: wakaguliwe, watunzwe na warudishwe. Sehemu ya mshahara iliwekwa hadi mfanyakazi arudi kwao. Sharti hilo lilimlinda asirudi mikono mitupu. Lakini pia lilimfunga, kwa sababu aliyetoroka kabla ya muda wake aliacha fedha zake nyuma. Hapo ndipo sura mbili za dhamana zinapoonekana kwa mara ya kwanza. Fungu lile lile lililokuwa akiba ya mfanyakazi lilikuwa pia kamba yake.

Kwa upande wa ndani ya koloni, mwaka 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga, chombo cha kuandikisha wafanyakazi kwa ajili ya migodi na reli. Waandikishaji wake walizunguka vijijini, na mara nyingi machifu walilazimishwa kutoa watu. Kwa hiyo ingawa karatasi zilisema mkataba, wengi waliokwenda hawakuuchagua.

Wazungu nao hawakuwa huru kabisa. Serikali ya Kongo ya Kibelgiji haikutaka Wazungu maskini wazagae mijini. Mzungu aliyefika bila kazi alitakiwa kuweka fedha za dhamana, ili akifilisika pawepo na fedha za kumrudisha kwao. Aliyeitwa na kampuni, kampuni ilisimama badala yake. Kwa ufupi, hata aliyekuwa juu ya ngazi ya koloni alihitaji mtu wa kumjibia.

Mwaka 1920 mafundi Wazungu waligoma. Thamani ya faranga ya Kibelgiji ilikuwa imeshuka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na watu waliolipwa kwa pauni walikuwa wamekuwa ghali mno. Kampuni ilijibu kwa njia mbili: ilizidisha kuajiri Wabelgiji badala ya watu wa kusini, na ilianza kuwafundisha Waafrika kazi zilizokuwa za Wazungu, kama vile kuendesha garimoshi na mashine za kutobolea mwamba. Ikumbukwe kwamba katika Afrika ya Kusini wakati huo kazi kama hizo zilizuiliwa kwa sababu ya rangi. Katanga ilifungua mlango huo mapema zaidi, si kwa huruma bali kwa hesabu: fundi aliyefunzwa nchini alikuwa rahisi kuliko fundi aliyedhaminiwa kutoka ng'ambo.

3. Ruanda-Urundi, Kasai na mkataba wa miaka mitatu

Hesabu hiyo hiyo iliwageuza waandikishaji kutoka kusini na kuwaelekeza kaskazini. Reli ilikuwa imefika Bukama mwaka 1918. Mwaka 1925, mwaka ule ule ambao sheria ya Ubelgiji iliunganisha utawala wa Ruanda-Urundi na ule wa Kongo, Union Minière ilianza kuandikisha watu katika nchi hiyo iliyokuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Safari yao ilikuwa ndefu: waliteremka milimani hadi Ziwa Tanganyika, wakavuka hadi Albertville, yaani Kalemie ya leo, wakapanda garimoshi hadi Kabalo, wakapanda mto Lualaba kwa meli hadi Bukama, kisha wakapanda garimoshi tena. Watu wa baridi ya milimani waliozoea maharage na maziwa walifikishwa katika kambi za joto, wakapewa unga. Wengi waliugua. Ndiyo sababu kampuni iliweka vituo vya kuwapima na kuwazoeza chakula na hali ya hewa kabla ya kuwapeleka kazini.

Mwaka 1928 reli kutoka Bukama ilifika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, na nchi ya Kasai ikafunguka. Mwaka 1931 tawi la magharibi kutoka Tenke liliunganishwa na reli ya Benguela kwenye mpaka wa Angola. Tangu hapo Tenke ikawa mahali ambapo msafiri kutoka Kasai aligeukia ama mashariki, kwenye matanuri ya Jadotville na Elisabethville, ama magharibi, upande wa Kolwezi.

Katika miaka hiyo hiyo kampuni ilibadili siasa yake ya kazi. Badala ya miezi sita, mfanyakazi alipewa mkataba wa miaka mitatu. Aliruhusiwa, na hata alihimizwa, kuja na mke wake. Alipewa nyumba kambini, posho ya chakula, hospitali kwa ajili ya mama na mtoto, na shule. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyekuwa sauti kubwa ya siasa hiyo. Lengo lilikuwa kupata mfanyakazi mzoefu asiyeondoka kila mwaka, na baada yake mwanawe aliyezaliwa kambini na kulelewa kwa kengele ya kazi. Kwa hakika vifo vilipungua na ujuzi ukaongezeka. Lakini nyumba, chakula, dawa na shule vyote vilitoka katika mkono mmoja. Aliyepoteza kazi alipoteza vyote kwa siku moja.

Jambo hilo lilithibitika upesi. Anguko la uchumi wa dunia lilipofika Katanga kati ya mwaka 1930 na 1932, Union Minière ilipunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake Waafrika. Mwaka 1931 kuandikisha watu katika Rhodesia ya Kaskazini kulikoma. Watu wa Ruanda-Urundi wengi walirudishwa, na mafundi Wazungu wengi walipandishwa meli kurudi Ulaya. Mdhamini alitimiza ahadi yake ya kuwarudisha. Hakuna sharti lililomlazimu kuwauliza kama wangependa kubaki.

4. Ushahidi wa lugha

Kiswahili chenyewe ni shahidi wa historia hii. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, alionyesha kwamba kuenea kwa Kiswahili katika Katanga hakuwezi kuelezwa kwa misafara ya biashara ya karne ya 19 peke yake. Serikali na kampuni zilikipendelea kwa kuwa kilitenganisha wafanyakazi wa Katanga na lugha za migodi ya kusini iliyokuwa chini ya Waingereza. Kwa maneno mengine, kubadilika kwa chanzo cha wafanyakazi kulikwenda sambamba na kubadilika kwa lugha ya kambi.

Msamiati wa kambi unaonyesha mambo yaliyomgusa mfanyakazi kila siku. Kontra ilitoka katika Kifaransa, ikiwa na maana ya mkataba na pia ya muda wa mkataba. Kapita, msimamizi wa kundi, lilitoka mbali zaidi, katika Kireno. Mukanda, neno la Kibantu, lilitumika kwa barua, kitabu na hati ya aina yoyote. Inafaa kuangalia kwamba kwa matumizi hayo barua ya mama na karatasi ya mwajiri zilikuwa na jina moja. Mtu bila mukanda hakuwa na pa kusimama mbele ya polisi.

Ushahidi mwingine ni maandishi ya André Yav ya mwaka 1965, historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Katanga kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani. Maandishi hayo yanaitazama historia kutoka jikoni na uani, kwa macho ya watu walioufuata mji tangu kuanza kwake pamoja na mabwana zao. Ni nadra kupata historia ya koloni iliyoandikwa na wale waliodhaminiwa badala ya waliodhamini.

5. Kutoka Union Minière hadi Tenke Fungurume

Mwanzoni mwa mwaka 1967 serikali ya Kongo ilitaifisha mali za Union Minière, na kampuni ya taifa, iliyokuja kuitwa Gécamines, ikachukua nafasi yake. Migodi ilibadili mwenyewe kwa siku moja. Wahandisi hawakuweza kubadilishwa hivyo. Kwa hiyo mwezi Februari mwaka huo ulifanywa mkataba na kampuni ya Kibelgiji ya Société Générale des Minerais, ili itoe wataalamu na kuuza madini. Kongo huru iliendelea kupata wageni wake kwa njia ya mwajiri wa kati, kama ilivyokuwa zamani.

Katika mwaka 1970 iliundwa kampuni ya kuchimba eneo la Tenke na Fungurume, ikiwa na washirika wa Uingereza, Marekani, Ufaransa na Japani pamoja na serikali. Kazi ya ujenzi ilisimamishwa mwaka 1976. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, na reli ya Benguela ilikuwa imefungwa na vita vya Angola tangu mwaka 1975. Mwezi Mei 1978 wapiganaji waliotoka Angola waliingia Kolwezi. Raia wengi waliuawa, Waafrika na Wazungu, na takribani Wazungu 2,000 waliondolewa kwa ndege. Baadhi yao hawakurudi tena. Dhamana ya kampuni ilikuwa imewaleta mgodini, lakini haikuweza kusimama kati yao na risasi.

Mradi wa Tenke ulifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1996 na kampuni ya Lundin, ukakwama tena kwa sababu ya vita, kisha ukaingia mikononi mwa kampuni za Marekani. Shaba ya kwanza ilitoka mwaka 2009 chini ya Freeport-McMoRan, na mwaka 2016 kampuni hiyo iliuza sehemu yake kwa China Molybdenum. Kila mwenye mgodi alikuja na wataalamu wake, na kila mara palikuwa na kazi ile ile ya kuwaombea ruhusa.

6. Utaratibu wa sheria

Sheria za Kongo huru hazikuuondoa mfumo wa mdhamini. Ziliugeuza uwe chombo cha kumlinda mwananchi. Amri ya tarehe 6 Juni 1974 iliweka kanuni za kulinda wafanyakazi raia. Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliendeleza mfumo huo. Katika utaratibu huo, anayeomba si mfanyakazi bali mwajiri. Yeye ndiye anayepeleka mkataba wa maandishi, vyeti vya elimu na maelezo ya kazi. Maombi huchunguzwa na tume ya taifa ya ajira ya wageni, ambayo swali lake la msingi ni moja: je, hakuna Mkongo anayeweza kazi hiyo? Tume ikiridhika, hutolewa kadi ya kazi ya mgeni, kwa muda maalumu unaoweza kuongezwa. Baada ya hapo ndipo idara ya uhamiaji, Direction Générale de Migration, hushughulikia visa ya kukaa nchini kwa ajili ya kazi. Serikali imeweka pia viwango vya juu vya asilimia ya wageni ambao kampuni inaweza kuwa nao.

Sheria ilitumia na mkoba. Tangu mwaka 1969 kuna kodi ya pekee juu ya mishahara ya wageni, na anayeilipa ni mwajiri mwenyewe, wala si mfanyakazi. Kiwango cha kawaida ni asilimia 25. Kanuni ya Madini ya mwaka 2002 iliwapunguzia wenye migodi hadi asilimia 10, ili kuvuta mitaji. Marekebisho ya mwaka 2018 yalikaza tena masharti ya kodi za migodi. Maana yake ni wazi: fundi mgeni awe ghali, ili kampuni ione faida ya kumfundisha raia. Ni hesabu ile ile ya mwaka 1920, ila sasa imeandikwa na serikali. Chuo cha taifa cha mafunzo ya kazi, INPP, kilichoundwa mwaka 1964, kiliwekwa kwa ajili ya upande wa pili wa mizani hiyo.

Nchi jirani zimefuata njia zinazofanana. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 kuhusu ajira ya wasio raia inamtaka mwajiri aonyeshe mpango wa kumwandaa raia atakayeshika nafasi ya mgeni. Katika nchi za Ghuba, ambako Waswahili wengi hufanya kazi, mdhamini huitwa kafili, na kwa miaka mingi mfanyakazi hakuweza kuhama kazi bila ridhaa yake. Qatar iliondoa sharti hilo mwaka 2020. Tofauti ya majina haifichi ulinganifu wa jambo lenyewe.

7. Mgeni katika nchi yake

Hata hivyo sheria haielezi yote. Tukio zito kuliko yote katika historia hii liliwapata watu ambao kwa sheria hawakuwa wageni hata kidogo. Watu wa Kasai walioandikishwa kwa reli tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 walizaa watoto na wajukuu katika kambi za Likasi na Kolwezi. Shule za kampuni ziliwatoa makarani, walimu, mafundi na baadaye wahandisi. Hawakuvuka mpaka wa nchi yoyote. Lakini kwa kuwa waliletwa na mwajiri, na waliishi katika nyumba ya mwajiri, macho ya jirani yaliendelea kuwaona kama watu wa mwajiri.

Gécamines ilipoanza kuanguka, hasa baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990, kazi zikawa chache na kisingizio kikapatikana. Mwaka 1992 huko Likasi, na mwaka 1993 huko Kolwezi, watu wa Kasai walifukuzwa makazini na majumbani mwao, huku siasa za mkoa zikichochea moto. Mamia ya maelfu waliondoka. Umati mkubwa ulipiga kambi kwenye stesheni za reli kungoja magarimoshi, na wengi walifia huko, hasa watoto, kwa njaa na maradhi. Magarimoshi yalipopatikana yalipita Tenke, yakageuka kaskazini, kwenye njia ile ile iliyowaleta babu zao wakiwa na kontra mkononi. Waliorudishwa safari hii hawakuwa na mkataba uliokwisha wala mdhamini wa kudaiwa. Wengi wao walikuwa hawajapata kuiona Kasai.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2003, ilionekana kwamba hata mwenyeji hakuwa salama: zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Pamoja na kazi walipoteza hospitali na shule. Wakati huu hapakuwa na mgeni wa kulaumiwa.

8. Hitimisho

Historia hii ina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba dhamana ya mwajiri ni chombo chenye manufaa. Bila hiyo reli, matanuri na migodi ya Katanga visingepata mafundi, na bila masharti yake mgeni angetupwa njiani mara kazi inapokwisha. La pili ni kwamba dhamana hiyo haitoshi kuwa msingi wa haki ya mtu. Inamtambulisha mfanyakazi kwa jina la mwingine, nayo hufa pamoja na mkataba.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na itifaki ya soko la pamoja la Jumuiya hiyo inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Fundi wa Arusha au wa Kisumu anaweza kufika Tenke kesho, na fundi wa Tenke akafika kwao. Kiswahili kitawaelewesha. Kitakachobaki kuamuliwa ni kama atapokewa kwa ujuzi wake na haki zake mwenyewe, au bado kwa karatasi ya aliyemwita. Watu waliongoja garimoshi Likasi na Kolwezi walikwisha kuonyesha gharama ya jibu la pili.